Stoo ya Mabua

8 Julai

Wasichana wamerudi, mia nne na kumi na wawili. Tanuri bado halijawashwa kwa sababu bomba la moshi limeletwa fupi. Mama Robi na wenzake wamepika kwa kuni za mwisho zilizobaki, chini ya kibao kinachosema kuni ni marufuku. Mkuu wa shule, Mwalimu Rabson, amepita jikoni akijifanya haoni moshi.

Mkuu amenikabidhi mradi huu wote. Anasema mwalimu wa fizikia ndiye anayefaa, na kwamba wafadhili watataka kumbukumbu za kila siku. Za wafadhili nitaziandika kwenye daftari jeusi la ofisini. Hili ni langu, Honoratha, na nitaandika ninachotaka.

12 Julai

Felix amefika na bomba. Ndiye fundi aliyetumwa na shirika la Mwanza, kijana mpole anayefuta mikono kwa kitambaa kila baada ya kushika kitu. Ametueleza tena kazi yenyewe, safari hii kwa wapishi. Mabua makavu ya mahindi na mtama yanashindiliwa kwenye sanduku la mbao na kufungwa marobota. Marobota yanaingia tanurini. Moto unachemsha maji, mvuke unapikia masufuria manne makubwa, na unaobaki unazungusha mashine ndogo inayofua umeme wa taa za madarasa. Marobota arobaini kwa siku.

Mama Robi akauliza hayo mabua yatatoka wapi. Felix akanyoosha mkono dirishani, kwenye mashamba yaliyoanza kuvunwa hadi bondeni. "Si haya hapa, mama? Yanaoza bure."

19 Julai

Limewaka. Ugali wa watu mia nne umeiva bila mpishi kutoa chozi.

Mama Robi, ambaye jina lake ni Mokami lakini hakuna anayelitumia tangu bintiye Robi alipoingia kidato cha kwanza hapa, amepika katika jiko hili miaka kumi na miwili. Macho yake ni mekundu daima na kikohozi chake nakisikia hadi darasani. Leo alisimama kando ya sufuria, akapitisha kiganja juu ya mvuke kana kwamba anampapasa mtoto. "Mwalimu," akaniambia, "leo nitarudi nyumbani sinuki moshi."

Nimeandika sentensi hiyo pia kwenye daftari jeusi.

26 Julai

Tumeanza kukusanya. Anayeleta marobota kumi anasagiwa debe la mahindi kwenye mashine ya shule. Wanaokuja zaidi ni wajane na vijana wasio na ng'ombe. Wanaleta kwa baiskeli, kwa punda, kichwani.

29 Julai

Marobota mia tatu na sitini. Vumbi hadi kwenye chai.

3 Agosti

Leo amekuja Mzee Mwikwabe. Mji wake uko ng'ambo ya uzio wa shule, ana ng'ombe wapatao thelathini, na ni kaka wa marehemu mume wa Mama Robi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimama mbele ya stoo akiangalia marobota muda mrefu kama mtu anayehesabu mifugo yake iliyoibwa.

Aliniuliza kwenye karatasi za mradi tumeyaitaje haya. Nilimwambia ukweli, kwamba tumeandika taka za shambani.

"Taka za nani?" akauliza.

Nikamweleza mambo ya misitu, ya mapafu ya wapishi, ya taa za watoto kujisomea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ng'ombe wa hapa, kuanzia Agosti mpaka mvua inyeshe, hawana kitu kingine cha kula isipokuwa mabua. Mahindi yakishavunwa, shamba halina mwenyewe mpaka msimu wa kulima. Ng'ombe wa yeyote wanaingia popote. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zake.

Nilimwambia atapata nafasi ya kusema kwenye mkutano. Akaondoka bila kuaga. Mtu wa zamani, mgumu. Nimekaa miaka sita Tarime na bado nashangaa jinsi kila jambo huku linavyorudi kwenye ng'ombe.

9 Agosti

Mama Robi ameleta mabua yake yote, ekari mbili. Waliokuwepo walinyamaza alipopita getini. Nilimuuliza kama shemeji yake anajua.

"Anajua," akasema. "Ng'ombe wake wamekula mabua yangu miaka saba tangu mume wangu afe. Sijawahi kuletewa kikombe cha maziwa."

Nilifurahi kuyasikia maneno hayo. Nayaandika kwa sababu nilifurahi mno.

13 Agosti

Mwikwabe hamsalimii tena Mama Robi. Waisiko, mke wa Mwikwabe, anamsalimia kisimani wakiwa wawili tu. Mwana wao Emanueli, anayeendesha bodaboda Nyamongo, bado humletea shangazi yake sukari na dawa ya kikohozi. Ndivyo anavyomwita, shangazi, ingawa ni mke wa baba yake mdogo.

15 Agosti

Jua kali. Marobota mia saba.

20 Agosti

Mkutano wa kijiji, mbele ya ofisi ya mtendaji. Mkuu alizungumza vizuri. Felix alionyesha picha kwenye simu. Wajane walipiga makofi. Kisha Mwikwabe akasimama na fimbo yake, na hata waliokuwa wakinong'ona wakaacha.

Hakupaza sauti. Alisema chakula cha ng'ombe kina mdomo wake, na mdomo huo haujaulizwa. Alisema amesikia tanuri linakula marobota arobaini kwa siku, na kesho litataka hamsini. "Ng'ombe akishiba anarudi zizini," akasema. "Moto hauna zizi. Mkiuzoesha chakula, mtaona utakapolala."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema hicho ni kitisho. Mkuu naye aliandika maneno hayo kwenye kijitabu chake. Mimi nilidhani ni hasira za mtu aliyeshindwa hoja.

27 Agosti

Mvua kubwa mchana, wakati usio wake. Ilinyesha kwa saa mbili kama imetumwa. Marobota zaidi ya mia tatu yalikuwa nje, yaliyofungwa wiki hii, mengine yakiwa na mabua mabichi kwa sababu watu wanakimbilia kusagiwa. Tulihangaika na wasichana kuyafunika. Tulichelewa.

28 Agosti

Nimempigia Felix, yuko Mwanza. Anasema tuyaingize stoo yote, tuyapange kwa kubana na kuyafunika turubai ili yasipate maji mengine. Nilimuuliza kama hayahitaji kuanikwa kwanza. Akasema nafasi ya kuanika mia tatu tunaitoa wapi, na wageni wa wafadhili wanakuja tarehe 16, lazima wakute stoo imejaa.

Mimi mwenyewe niliwasimamia waliokuwa wakiyapanga. Yale yenye maji yako katikati, makavu yako nje. Kwa macho inapendeza.

5 Septemba

Wasichana wamekwenda likizo fupi. Shule kimya. Nilitembea hadi barabara ya Nyamongo kununua vocha. Ng'ombe wa Mwikwabe walikuwa kwenye shamba la Mama Robi, shamba limekwanguliwa hadi udongo, nao wananusa tu. Mbavu zinaonekana. Mmoja alikuwa akilamba ukuta wa choo.

Nimemkumbuka mama yangu kule Muleba akitandaza nyasi chini ya migomba, akizigeuza kwa mkono kila asubuhi. Kama mtu angemwambia zile nyasi ni taka, mama angemfukuza uwanjani kwa ufagio. Mbona hilo halikunijia nilipokuwa nikiandika zile karatasi?

11 Septemba

Nimeingiza mkono katikati ya marobota kutoa moja la kupima uzito. Ndani kuna joto, kama unaingiza mkono chini ya kuku anayeatamia. Nimempigia Felix. Anasema ni kawaida, yanapumua.

13 Septemba

Ng'ombe mmoja wa Mwikwabe amekufa. Mama Robi alinipa habari akimenya viazi, hakuinua uso.

16 Septemba

Wageni wamekuja na kuondoka. Walipiga picha stoo, tanuri, na Mama Robi akitabasamu. Mkuu aliwaambia mimi ndiye injini ya mradi. Walisema wataongeza shule nyingine tatu wilayani.

18 Septemba

Asubuhi mvuke unatoka juu ya turubai. Kuna harufu tamu nzito, kitu kati ya tumbaku na sukari iliyoungua. Mama Robi ameisikia pia, akauliza ni nini. Nikamwambia mabua yanakauka.

Nafundisha joto kidato cha tatu. Najua vitu vibichi vikibanwa huchacha, na vikichacha hutoa joto, na joto lisipopata pa kutokea huongezeka. Kesho nitamwambia Mkuu tubomoe lile rundo.

19 Septemba

Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne imeanza. Mkuu yuko Tarime mjini kwa kikao. Nitamwambia Jumatatu.

22 Septemba

Sijui nianzie wapi, basi nianze na saa.

Jana Jumapili, saa nane na nusu mchana. Wasichana wengi walikuwa bwaloni kwenye ibada. Mimi nilikuwa nyumbani nikipiga pasi. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anakunja karatasi ngumu, kisha mwano, ule ukelele ambao huku hupigwa ng'ombe wakiibwa. Nilipotoka, moshi mweusi ulikuwa umeshapita paa la stoo, na upepo ulikuwa unaupeleka kwenye bweni la kidato cha pili.

Namshukuru Mungu kwa ile ibada. Bweni lilikuwa na wasichana wanne tu waliokuwa wagonjwa. Mwalimu Goodness aliwatoa kwa mlango wa nyuma. Tulipanga mstari wa ndoo kutoka kwenye tangi, lakini maji yalikuwa kama mate juu ya jiwe. Mabati yalijikunja. Marobota yalikuwa yakipasuka na kurusha makaa hadi uwanja wa netiboli. Nusu ya bweni imekwenda, na masanduku, sare, madaftari ya watoto mia na kidogo.

Mama Robi alikuwa ndani ya stoo. Alikwenda kuchukua marobota ya chakula cha jioni, akavuta moja, na ule moto uliokuwa umejificha katikati ukapata hewa. Hilo nalijua leo. Jana sote tuliona tu mtu akitoka kwenye moshi amembeba mwingine mgongoni, shati lake likifuka. Alikuwa Emanueli. Alikuwa amekuja na pikipiki kumletea dawa yake, akaona moshi, akaruka uzio. Alimlaza Mama Robi kwenye nyasi, akarudi kuvuta magodoro bwenini.

Watu wa kijiji wakaja mbio. Kwanza walizima. Kisha, moto ulipoanza kuchoka, nikasikia mtu akiuliza yule kijana ameingiaje ndani ya uzio. Mwingine akasema si mtoto wa Mwikwabe? Baba yake si alisema mkutanoni kwamba tutaona moto utakapolala?

Niliyaona yote. Nilikuwa hatua ishirini. Walimshika akiwa bado na godoro mkononi. Alidhani wanataka kumsaidia, alilisogeza upande wao walishike. Pigo la kwanza lilikuwa la mpini wa jembe. Pikipiki yake waliisukumia kwenye makaa. Alikuwa akisema kitu kimoja tu, "Muulizeni shangazi, muulizeni shangazi," na shangazi yake alikuwa kwenye nyasi hajitambui.

Nilipiga kelele waache. Hilo nililifanya. Lakini kulikuwa na maneno mengine ambayo yangewazuia, nami nilikuwa nayo mdomoni kama kaa la moto. Nilitakiwa kusema: moto huu umetoka ndani ya marobota, nimeujua siku kumi. Sikuyasema. Polisi walifika, wakamtoa mikononi mwa watu, wakampeleka hospitali akiwa mtuhumiwa. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Taya pia.

Mama Robi ameungua mikono yote miwili hadi kwenye viwiko.

23 Septemba

Sikufundisha. Makande ya mchana, tena kwa kuni.

24 Septemba

Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango. Nilikuwa nimemwandikia usiku barua ya ukurasa mmoja: mvua, mabua mabichi, joto, harufu. Ilikuwa mezani mbele yake.

Sikumkuta mtu mkali. Nilimkuta mzee aliyebakiza miezi saba kustaafu, akiwa na miwani mkononi na macho madogo. Alisema kazi yake yote ameomba mabweni, maji, taa, na huu ndio mlango wa kwanza uliofunguka. Tukisema ni uzembe wetu, shule zile tatu hazitapata kitu, na wapishi watarudi kwenye moshi mpaka wafe. Alisema polisi watachunguza, ukweli utajitokeza wenyewe, sisi tusiuharakishe.

Nikamuuliza Emanueli je.

"Kijana ana nguvu," akasema. "Atapona." Kisha akaangalia dirishani, na nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Felix naye, kwenye simu: nisiseme jambo la kitaalamu ambalo siwezi kulithibitisha, ushahidi wote ni majivu.

Barua ilirudi nami. Nimeiweka ndani ya daftari hili.

25 Septemba

Nimekwenda hospitali ya wilaya. Mama Robi yuko wodi ya wanawake, mikono imefungwa bandeji nyeupe, imewekwa juu ya mito kama vitu vya mtu mwingine. Robi alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Nilimtuma Robi akajaze chupa ya maji.

Mama Robi aliniuliza kama wasichana wote wazima. Nikamwambia wazima. Akauliza kama tanuri limeharibika. Nikamwambia tanuri ni zima, stoo ndiyo imekwisha. Akaitikia kwa kichwa, kama vile hiyo ilikuwa habari njema.

Kisha akasema, "Emanueli ndiye alinitoa. Nimewaambia polisi. Wanasema huenda aliwasha, akaona aibu kuniacha." Kikohozi kikampitia. "Mwalimu, wewe umesoma mambo haya. Moto ule ulitoka wapi? Mimi nilivuta robota tu. Sikuwa na kiberiti. Ni laana ya shemeji?"

Aliniuliza kama mtoto wa darasani anayeamini kwamba mwalimu hawezi kukosa jibu. Nilimwambia apumzike. Kwenye korido nilimkuta Mwikwabe ameketi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, mbele ya mlango wa wodi ya wanaume, unaolindwa na askari. Nilimwamkia. Aliitikia. Akaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Mgonjwa wangu, alisema, na ni mke wa mdogo wake.

Nimerudi nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki kilomita zote hizo, na sikumbuki hata kona moja ya barabara.

26 Septemba

Nimesema.

Kwanza asubuhi, kituoni, kwa askari aliyeandika polepole na kunirudisha nyuma kila nilipokimbia. Nilimpa barua. Nilimwonyesha pia daftari hili, tarehe 27 na 28 Agosti, na 11 na 18 Septemba. Aliuliza maana ya "yanapumua". Nikamweleza.

Kisha saa tisa, mbele ya mkutano wa wazee, ritongo wenyewe wanavyouita. Mtendaji alinishauri nisiende peke yangu, Goodness akanisindikiza. Walikuwa wengi kuliko siku ya mradi, na wengi wao niliwaona Jumapili, na najua nani alishika mpini. Nilisimama nikawasomea daftari hili kuanzia 9 Agosti, kama lilivyo. Niliposoma kwamba nilifurahi kusikia maneno ya Mama Robi, nilitaka kuruka mstari, lakini nikaendelea, maana nilijua nikichagua ya kusoma nitaacha yanayonihusu.

Hakuna aliyenizomea. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee mmoja, Simioni, aliuliza swali moja: kama nilijua tangu tarehe 11, kwa nini siku ya moto sikusema?

Nilimjibu kwamba niliogopa. Akauliza niliogopa nini. Nikasema kuonekana nimekosea. Alitafsiri kwa Kikurya kwa ajili ya walio nyuma, na nilisikia neno likipita safu kwa safu, likiwafikia vijana waliosimama ukingoni. Mmoja wao aliangalia mikono yake.

Mwikwabe aliketi hadi watu walipoanza kuondoka. Nilimfuata, nikapiga magoti kidogo kama desturi yetu Kagera, nikaomba radhi. Alisema, "Maneno yako kwangu umeyamaliza hapa. Aliyebaki si mimi."

27 Septemba

Mkuu hajanisalimia. Walimu wawili wamehama meza.

30 Septemba

Emanueli ameachiwa. Bado yuko hospitali, bila askari. Taya lake limefungwa kwa waya.

3 Oktoba

Barua ya wafadhili. Mradi umesimamishwa, shule tatu zimefutwa kwa sasa. Mkuu aliisoma ofisini mbele ya wote kwa sauti isiyo na rangi, akaibandika ubaoni. Mimi nimeandikiwa barua ya kujieleza. Nimejieleza kwa mistari sita.

Jikoni moshi umerudi. Mpishi aliyeshika nafasi ya Mama Robi alinipita akikohoa, na sikuweza kumwangalia. Hili nalo ni langu, sitalikataa. Mkuu hakusema uongo aliponiambia nani atalipa.

8 Oktoba

Mama Robi ameruhusiwa. Vidole vitakunjuka, wanasema, lakini si vyote. Nilimpeleka machungwa. Alikuwa ameketi mlangoni kwake na Waisiko alikuwa anamsuka nywele, mchana kweupe, watu wakipita.

Nilimweleza moto ulitoka wapi. Alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, au hakunionyesha. Baadaye akasema jambo ambalo limenikosesha utulivu siku nzima: ng'ombe wanakula majani na vilele vya mabua tu. Sehemu ngumu ya chini wanaiacha, na magunzi hawagusi kabisa. Kila mwaka yanabaki malundo, watu wanayachoma shambani. Ng'ombe wangepita kwanza, shule ingechukua yanayobaki.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mwezi wa saba.

"Yule kijana alionyesha mashamba dirishani," akasema. "Hakuuliza."

Wala mimi.

11 Oktoba

Nimempelekea Mkuu karatasi mbili kuhusu magunzi, jina la Mokami likiwa la kwanza. Ameziweka chini ya kitabu. Lakini hakuzirudisha.

14 Oktoba

Mawingu upande wa Serengeti. Hakuna kitu.

17 Oktoba

Mvua imenyesha asubuhi, ya kweli, ya kuloweka. Ng'ombe wa Mwikwabe wamebaki kumi na tisa.

Emanueli amerudi nyumbani tangu juzi. Baada ya vipindi nilikwenda. Mzee alikuwa zizini, alinionyesha nyumba kwa kidevu. Emanueli alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, mkono wa kulia ndani ya plasta, waya wa taya umetolewa, uso umekonda kiasi kwamba niliona sura ya baba yake ndani yake. Ana miaka ishirini na minne.

Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu mvua ya Agosti: jinsi nilivyopanga rundo, joto, harufu, wageni. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa hatua ishirini. Nilimwambia kwamba nilikaa siku nne nikijua. Sikusema habari za Mkuu wala Felix. Nilimwambia kuhusu pikipiki, kwamba nitatafuta njia ya kuilipa, akainua mkono wa kushoto nikaacha.

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati. Alizungumza polepole, taya bado zito.

"Hizo siku nne, mwalimu. Ulikuwa unakula?"

Nilitaka kumwambia chakula hakikupita. Hata nilifungua mdomo. Nikakumbuka makande ya Jumanne, na kwamba niliongeza.

"Nilikuwa nakula," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa ameuliza njia akaonyeshwa. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Waisiko alitokea mlangoni na sahani ya ugali na bakuli la mlenda. Aliponiona akasimama, akamtazama mwanae.

"Lete maji anawe," Emanueli akasema.

Nilinawa. Waisiko akasogeza kigoda kingine. Tulikula kutoka sahani moja, mimi kwa mkono wa kulia na yeye kwa wa kushoto.